The Wailing au Exhuma? Kama unataka horo moja tu ya Kikorea ya kijijini, soma hapa kwanza

Watu wakishazimaliza zile tamthilia za Kikorea za mapenzi wanafika mahali wanataka kitu kizito, na hapo ndo swali linapokuja, kati ya The Wailing na Exhuma niangalie ipi, na mi huwa nashindwa kujibu kwa neno moja kwa sababu hizi movi zinafanana kwa nje tu. Zote zina mlima na ukungu, zote zina mganga anayecheza ngoma huku kisu kiko mkononi, zote zina mtoto anaumwa ugonjwa ambao madaktari wanautazama tu, na zote kuna jambo la Kijapani limejificha mahali. Ukiingia ndani sasa ni vitu viwili tofauti kabisa. Exhuma inakupa watu wanne wanaoijua kazi yao na we unawafuata nyuma. The Wailing inakupa baba mmoja asiyejua chochote, anatakiwa aamue amwamini nani, muda unaisha, na hakuna wa kumsaidia, hata we mtazamaji husaidiwi.

Kwa hiyo kabla hujauliza ipi inatisha zaidi jiulize hivi, ukimaliza movi bila kuambiwa nani alikuwa mbaya, utalala? Maana wapo watu wakinyimwa jibu wanaona wameibiwa muda wao, na siwalaumu. Kama we ni wa hivo, jibu lako ni Exhuma. Kama we ni wa kukaa siku tatu unaifikiria, unarudi nyuma kuangalia kipande kimoja mara nne, The Wailing ilitengenezwa kwa ajili yako. Ila subiri nieleze maana kuna mambo ya kujua kabla.

The Wailing ni ya 2016, muongozaji ni Na Hong-jin, inaenda dakika 156, yani masaa mawili na nusu na kitu. Exhuma ni ya 2024, ya Jang Jae-hyun, dakika 134, na imegawanywa sura sita kwa hiyo unaweza kupumua. Kwao Exhuma inaitwa Pamyo, maana yake kufukua kaburi, basi, jina limeshasema kila kitu. The Wailing wao wanaiita Gokseong, na hapa pana utamu kidogo kwa sababu Gokseong ni wilaya ya kweli kabisa, ipo mkoa wa Jeolla Kusini, movi imepigwa hukohuko, ila neno hilohilo ukiliandika kwa herufi nyingine za Kichina linakuwa sauti ya kilio. Ikabidi jina la movi liwe linaandikwa na hizo herufi pembeni ili watu wasichanganye kilio na wilaya ya watu. Na mkuu wa wilaya ile hakukasirika, aliandika makala kukaribisha watu waje waone mwenyewe Gokseong ilivyo nzuri, maana kule kila mwezi wa tano kuna tamasha la maua ya waridi. Nimelipenda sana hilo.

Stori ya The Wailing inaanza hivi. Askari wa kijijini anaitwa Jong-goo, anapigiwa simu asubuhi mvua inanyesha, kuna mauaji. Anaamka anataka kukimbia, mama mkwe anamwambia kula kwanza. Na anakula kweli. Alafu anampeleka binti yake shule, ndo anafika kwenye tukio, amechelewa, wenzake wameshafika. Hicho kipande kidogo ukikiangalia haraka unaona ni cha kuchekesha tu, lakini movi nzima iko humo ndani, huyu ni mtu wa kawaida, mwoga, mvivu kidogo, anampenda mtoto wake, na kitu kinachokuja hakimsubiri amalize kula. Pale kwenye nyumba muuaji mwenyewe amekaa tu barazani, ngozi yote ina malengelenge, macho yako wazi lakini hayaoni. Baada ya muda inatokea nyumba nyingine, alafu nyingine. Serikali inasema ni uyoga wenye sumu. Watu wa kijiji wanasema ni yule Mjapani mzee aliyehamia mlimani, tangu aje ndo haya yameanza.

Sasa kuna mwanamke kijana amevaa nguo nyeupe, hana jina, anakuja wakati Jong-goo yuko zamu kwenye nyumba mojawapo, iliyoungua, na anamrushia vijiwe. Vijiwe vidogo, kimoja, kingine, kama mtoto anayekuchokoza uani. Unacheka. Ukija kuirudia movi mara ya pili hicho kipande huwezi kukicheka tena. Na baadae anaitwa mganga kutoka mjini, Il-gwang, anakuja na gari anakatiza zile kona za mlimani, akiingia tu uani anaenda moja kwa moja kwenye mitungi ya sosi ya soya, anauvunja mmoja, ndani kuna kunguru amekufa. Familia nzima inabaki mdomo wazi. Hapo na wewe unasema huyu sasa ndo mtaalamu.

Umeona mtego? Una Mjapani, una mwanamke wa nguo nyeupe, una mganga. Watatu. Kila mmoja ana maneno yake, kila mmoja anaonekana anajua, na binti wa Jong-goo ameshaugua, yuko ndani anaungua na homa. Mtoto mwenyewe, Hyo-jin, kaigizwa na Kim Hwan-hee ambaye alizaliwa 2002 kwa hiyo alikuwa mdogo kwelikweli, na mimi nasema bila kuogopa kwamba yule binti ndo kaibeba movi. Kuna jioni amekaa mezani anakula samaki kwa mikono, anajaza mdomo, hakuwa mtu wa samaki huyu, na baba yake anamuuliza kitu kuhusu yule mzee wa mlimani, mtoto anamgeukia na kumtukana tusi ambalo hajawahi kulisikia likitoka kwenye hicho kinywa. Hakuna damu hapo, hakuna muziki wa kushtua, ni mtoto na sahani. Dada yangu mkubwa ana binti wa umri huo, nilimwekea siku moja, ilipofika hapo alinyanyuka akaenda kumwangalia mwanae chumbani kama amelala.

Exhuma inaanza sehemu nyingine kabisa, angani. Hwa-rim, mganga kijana, yuko ndani ya ndege kwenda Marekani, mhudumu anamsemesha Kijapani kwa adabu, yeye anamjibu kwa Kijapani kizuri alafu anamwambia mimi ni Mkorea. Sekunde chache tu, ila shika hilo jambo, litarudi. Los Angeles kuna familia ya Wakorea matajiri sana, wazaliwa wa kwanza wote wanasumbuliwa, na sasa kichanga kimelazwa kinalia bila kunyamaza. Hwa-rim anakitazama, anapiga mluzi karibu nacho, na anajua. Ni babu. Babu yuko kwenye kaburi baya na analalamika. Dawa ni kurudi Korea, kulifukua kaburi na kuchoma jeneza.

Ndo timu inakusanywa na hapa ndo raha ya Exhuma ilipo. Kuna Sang-deok, mzee wa kusoma ardhi, anayepangia watu mahali pa kuzikwa na kujenga, kaigiza Choi Min-sik. Anachota udongo wa kaburini anaweka mdomoni, anauonja, anatema. Kuna Young-geun mwandaaji wa mazishi, kaigiza Yoo Hae-jin, yeye ameshazika mpaka wakubwa wa nchi na anaongea kuhusu maiti kama fundi seremala anavyoongea kuhusu mbao. Kuna Hwa-rim, Kim Go-eun, na msaidizi wake kijana Bong-gil, Lee Do-hyun, ana maandiko ya dini kachorwa mwili mzima kama kinga. Wanakula pamoja, wanabishana bei, wanadanganyana kidogo, wanasaidiana. Unawapenda. Kwenye horo nyingi watu ni wa kufa tu ila hawa ukiona mmoja kaumia na wewe tumbo linakata.

Wanafika kaburini, mlimani huko mkoa wa Gangwon karibu na mpaka wa Korea Kaskazini, na mzee akishatazama tu anataka kuondoka. Kileleni kabisa, hakuna mtu mwenye akili anayemzika mzazi wake pale. Jiwe la kaburi halina jina, lina namba tu. Mbweha wanazungukazunguka. Mzee anakataa kazi, na unajua kabisa akikataa mtu kama huyu basi kuna kitu.

Nilinganishe sasa ngoma zenyewe maana watu wengi wanakuja kwa ajili ya hizo. Mganga kwa Kikorea anaitwa mudang, na shughuli anayofanya inaitwa gut, kuna ngoma, matoazi, sadaka mezani, mavazi ya rangi, kisu, na mganga anacheza mpaka kinachotakiwa kinashuka. Aliyewahi kukaa karibu na ngoma ya kupunga pepo hatahitaji kuelezwa kwa nini moyo unabadilika mwendo. Ile ya Exhuma, mzee akishabembelezwa akakubali, inafanyika mchana kweupe pale kaburini wakati watu wanachimba. Mizoga ya nguruwe watano imepangwa, na wachimbaji watano wote wamechaguliwa kwa sababu wamezaliwa mwaka wa nguruwe kwenye ile kalenda yao ya wanyama, ili ubaya ukitoka kaburini uwapige nguruwe na usiwapige wao. Umeelewa? Kila kitu kina sababu na unaiona. Hwa-rim anacheza na visu, miguuni kavaa raba za kawaida kabisa za mjini, Bong-gil anapiga ngoma na kuimba, majivu anajipaka usoni, na ile sura ya Kim Go-eun inabadilika hadi unamsahau yule dada wa kwenye tamthilia. Alipata tuzo ya Baeksang, tuzo kubwa za huko Korea, ya mwigizaji bora wa kike mwaka huohuo na ilikuwa haki yake.

Ile ya The Wailing ni usiku. Il-gwang, kaigiza Hwang Jung-min, yuko uani kwa Jong-goo, moto unawaka, anapigilia misumari mikubwa kwenye kinyago cha mti. Wakati huohuo kule mlimani Mjapani naye yuko kwenye ibada yake, ana ngoma yake. Kamera inaenda huku inarudi kule, huku kule, ngoma mbili zinagongana, na chumbani mtoto anajipindapinda kwa maumivu anapiga kelele kila msumari unapoingia. Baba anasikia. Ameambiwa asikatishe. Na we umekaa unajiuliza hii dawa inamtoa nani, inamwumiza nani, nani anampiga nani. Hakuna anayekueleza. Nimeangalia horo nyingi na sijaona dakika kama zile tena, na nikisema hivo siichukulii poa Exhuma hata kidogo, ila ile ya Exhuma inakufanya uvutiwe, hii inakufanya utake kuingia ndani ya kioo umzuie mtu, na hujui umzuie yupi.

Historia nayo inafanya kazi tofauti. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 mpaka 1945, kidonda hakijapona, na bila kujua hilo Exhuma utaielewa nusu. Kuna imani ya siku nyingi kwamba Wajapani walipigilia vyuma milimani ili kukata uti wa mgongo wa nchi, ardhi ikose nguvu. Wanahistoria wengi hawaikubali, wanasema vyuma vingi vilikuwa alama za wapima ardhi tu, na kwenye movi yenyewe wahusika wanabishana hivohivo. Jang Jae-hyun ameichukua hiyo imani na kuifanya kitu chenye miguu. Ukiwa makini utaona hata namba za magari zimefichwa tarehe, 0301 ni siku ya vuguvugu la uhuru la Machi Mosi mwaka 1919, 0815 ni siku ya ukombozi Agosti 15. Na kaburini mzee anarusha sarafu ya won 100, sarafu ambayo ina picha ya Yi Sun-sin, yule amiri aliyewapiga Wajapani baharini karne ya 16. Mkorea akikaa sinema anaona yote haya, ndo maana iliuza karibu tiketi milioni 12 kwenye nchi ya watu kama milioni 51.

The Wailing inaitumia chuki hiyohiyo lakini inaigeuza ikuulize wewe. Yule mzee wa mlimani watu wanamchukia kwa sababu ameua au kwa sababu ni Mjapani? Ushahidi upi? Umbea wa sokoni, ndoto ya mtu, picha ukutani. Aliyemwigiza ni Jun Kunimura, Mjapani kweli, haongei sana, anakutazama tu, na kwenye Blue Dragon, tuzo za movi za Korea, akawa mgeni wa kwanza kushinda. Halafu mwanzo kabisa wa movi wameweka mistari ya Luka sura ya 24, pale Yesu amefufuka wanafunzi wanadhani ni roho, naye anawaambia tazameni mikono yangu na miguu yangu. Watu wengi wanairuka hiyo wakidhani ni mapambo. Usiiruke, nakuomba.

Udhaifu nao niseme. Exhuma katikati inabadilika. Saa ya kwanza ni hofu ya kuvizia, kivuli kwenye kioo, sauti mlangoni, na ni nzuri ajabu. Baadae kitu kinajitokeza wazi kabisa, kina mwili, kinaongea, na kuna watu hapo wanakata tamaa wanasema imekuwa movi ya mapigano. Mimi nilijisikia hivo mara ya kwanza, mara ya pili nikaelewa kwamba bila hicho kitu kuonekana ile stori ya ardhi isingefungwa, lakini ile baridi ya mwanzo hairudi, huo ndo ukweli. The Wailing tatizo lake ni mwanzo wake, polepole, askari wanaanguka, wanapiga mayowe kama watoto, na mtu aliyeahidiwa horo anaweza kuizima dakika ya thelathini. Usizime. Alafu kuna kipande cha maiti na reki huko mbele ambacho ni kama kimetoka movi nyingine, hicho sikitetei.

Kwa macho tu, The Wailing inashinda. Aliyepiga picha ni Hong Kyung-pyo, huyohuyo aliyekuja kupiga ile movi ya Kikorea Parasite, na ile milima ya Gokseong asubuhi, ukungu umelala bondeni, kijani kimelowa, ni nzuri mpaka unasahau kuogopa. Pa kutisha panafanana na kwa bibi yako.

Sasa uchague vipi. Kama mnaangalia wengi, familia imejaa sebuleni, kuna anayeingia na kutoka kwenda kuangalia jiko, weka Exhuma. Sura sita zinakusaidia, mtu akikosa dakika tano mnamweleza, na mwisho wote mnaondoka mmeelewa. Kama huu ndo mlango wako wa kwanza kwenye horo ya Kikorea, Exhuma pia, maana inakufundisha kwa upole mudang ni nani, kaburi kwao lina uzito gani, kwa nini mahali pa kuzikwa babu panaweza kumsumbua kitukuu aliyezaliwa Marekani. Ukishayajua hayo ndo uende The Wailing, utakuwa na miguu ya kusimamia, ingawa itakukata hiyo miguu.

Kama uko peke yako, una usiku mmoja mzima, na horo za kawaida zimeshaacha kukugusa, ruka moja kwa moja The Wailing. Ukiwa na mtoto mdogo anayeumwa wiki hiyo, hapana, acha kabisa, nasema kwa moyo wote, itakukuta mahali pabaya. Watoto wenyewe wasiwepo kwenye zote mbili, kwao Korea zilipangiwa kuanzia miaka 15 na mi naona hata hiyo kwa The Wailing ni ndogo.

Na zile za kutafsiriwa na DJ, napenda hizo kwa movi za mapigano lakini hapa ziache. Kwenye The Wailing kila neno ni ushahidi, nani kasema nini, kasema lini, kaanza kusema kabla hajaulizwa. Kuna mahali Mjapani anaongea Kijapani, kijana anayesomea upadri anatafsiri Kikorea, na hofu yote iko kwenye ile nafasi kati ya swali na jibu, sasa ukiongeza sauti ya tatu juu yake umeua. Tafuta yenye sabutaito, Kiingereza kama Kiswahili haipo, soma taratibu.

Ukizimaliza zote mbili na bado unataka, nenda Svaha ya 2019, ya huyohuyo Jang Jae-hyun, mchungaji anachunguza dhehebu la ajabu huko Gangwon, au The Medium ya 2021, hiyo ni ya Thailand lakini wazo la stori ni la Na Hong-jin na inaogopesha kwa namna mbaya zaidi, sitaiongelea hapa.

Jambo moja la mwisho kwa utakayechagua The Wailing. Usiangalie kwa vipande kwenye simu, leo nusu saa kesho nusu saa. Kaa nayo usiku mmoja, chaji iwe imejaa, na ukifika kule mwishoni barabarani usiku, Jong-goo yuko katikati, mmoja anamwambia nenda nyumbani sasa hivi, mwingine anamwambia subiri jogoo awike mara tatu, simamisha picha kidogo kabla hajainua mguu. Useme kwa sauti we ungemsikiliza nani. Alafu ndo ubonyeze.